Mafuta kwenye furshe: kazi tuliyoifanya kwenye lupango, njia ya Bangboka



Ile siku ya posho, saa ya magaribi, mwana wangu wa kwanza alirudi nyumbani akisukuma pikipiki kwa mikono. Sisi tunakaa kando ya barabara ya Bangboka, ile inayotoka Kisangani kwenda kwenye kiwanja cha ndege, kilometa 17 hivi, kisha inaingia pori na kuendelea mpaka Bafwasende, Nia-Nia na Ituri. Vijana wengi wa njia yetu wanaishi kwa kubeba watu: abiria wa ndege na masanduku yao, wamama wa soko na mabeseni ya pondu, na wachimbaji wanaokwenda kwenye kariere za almasi na zahabu. Zamani Kisangani ilijulikana kwa baiskeli za toleka. Leo pikipiki zimeshika ile kazi.

Goti lake lilikuwa linatoka damu. Pikipiki ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye taa.

— Kumepita nini? nikamuuliza.

— Papa, freni ya mbele ilikatala. Mama mumoja alikata barabara na beseni ku kichwa. Nilifinya freni, gurudumu ikaendelea tu. Nikaona afazali niingie mu mufereji.

Mama yake alileta lampi, akachunguza goti kwanza, kisha akachunguza pikipiki. Yeye hajui mekaniki, lakini anajua kitu kisicho safi. Akapitisha kidole juu ya disiki ya freni, akakisugua na kidole gumba.

— Hii iko mafuta. Inatoka wapi?

Kijana akanyamaza. Nikafuata mafuta na lampi kwenda juu: kutoka disiki kwenda kwenye mguu wa furshe, na juu kidogo nikakuta kitambaa cheusi kimefungwa na kamba ya mpira, kimelowa kabisa.

— Tangu lini?

— Mwezi moja, Papa. Niliogopa kusema.

Aliogopa sababu kulikuwa na safari. Rafiki zake walikuwa wamemtafutia kazi ya kubeba wachimbaji upande wa Bafwasende, na mimi nilikuwa nimesema wazi: pikipiki yenye ubaya wowote haitoki hapa kwenda safari ya zaidi ya kilometa 250. Basi alifunga kitambaa. Siandiki haya ili kumuaibisha. Yeye mwenyewe amesoma kurasa hizi mbele ya ninyi kuzisoma. Naandika sababu asubuhi ya siku ya Mungu, tukienda kanisani kwa miguu, tulihesabu pikipiki zilizofungwa kitambaa cha namna ile. Mbele ya kufika tulikuwa tumeona saba.

Furshe ni nini, na mafuta yanafanya kazi gani

Furshe ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita shokapu. Kila mguu una bomba la chuma linalong'aa, nalo linaingia na kutoka ndani ya mguu wa chini ambao ni wa aliminiumu. Ndani mna resori ndefu na mafuta.

Watu wengi wanafikiri mafuta yale ni ya kulainisha tu. Hapana. Chukua sirengi ya munganga, ijaze maji, ufinye haraka: inakataa, sababu tundu ni dogo. Finya polepole: inakubali. Furshe ni vilevile. Gurudumu likiingia shimoni, resori inajifinya. Ikitaka kuruka na kurudi, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo, nayo yanaituliza. Kiwanda cha BMW cha Ujerumani kiliuza pikipiki zenye furshe ya namna hii tangu mwaka 1935, na pikipiki za njia yetu, hata zile ndogo za Kichina na za Kihindi, zinafuata mpango uleule.

Mafuta yakiisha, resori inabaki peke yake. Gurudumu linaruka juu ya mashimo kama mpira, na gurudumu lililo hewani haliwezi kusimamisha kitu. Kujua si vigumu. Simama kando ya pikipiki, shika freni ya mbele, finya usukani chini kwa nguvu, uachilie. Ikipanda mara moja na kutulia, ni nzuri. Ikicheza juu na chini mara mbili, tatu, mafuta yamepunguka.

Sasa, kinachozuia mafuta yasitoke ni pete ya mpira ambayo mafundi wetu wanaiita spi. Inakaa juu ya mguu wa chini na kulikumbatia bomba. Ukiikata utaona mdomo mwembamba wa mpira, na nyuma ya mdomo resori ndogo sana ya mviringo inayoubana kwenye bomba. Mdomo ule mwembamba ndio unaobeba kazi yote. Juu yake kuna kifuniko cha vumbi, mpira mwingine ulio mgumu zaidi.

Hapa kwetu mvua haitukosi karibu mwezi wowote. Udongo mwekundu unarukia bomba, unakauka pale kama simenti, kisha bomba likiingia ndani linaupeleka mpaka kwenye mdomo wa spi. Mchanga mdogo ukibanwa pale, unaufungua mdomo kidogo tu, na mafuta yanapata njia. Pikipiki ikilala inje usiku nyingi, bomba linashika kutu, linafanya vidonda vidogo. Kila kidonda kina kingo kali, na kila mara bomba likipita linachuna mpira. Ndiyo sababu mtu anaweka spi mpya leo na nyuma ya wiki mbili mafuta yanatoka tena, kisha anatukana muuzaji. Muuzaji pengine hana kosa. Bomba ndilo lililoila.

Sisi wenyewe tulilipa fundisho lile. Mwaka mmoja mbele ya hapo, fundi mmoja alibadilisha spi ya mguu wa kushoto kwa nusu saa, akiipigapiga na turnevisi kandokando mpaka ikaingia. Hakupangusa bomba, hakuuliza kitu. Tulipoifungua baadaye tulikuta mdomo umekatwa kwa ncha ya turnevisi yake. Ile spi ilikufa siku ileile ilipozaliwa.

Jaribu hili mbele ya kununua kitu

Wengi wanarukia kufungua furshe nzima. Ngoja. Kama bomba ni laini na mafuta yanatoka kidogo tu, pengine spi haijapasuka. Ni mchanga tu umenaswa.

Osha furshe vizuri kwa maji na sabuni, uikaushe. Pandisha kifuniko cha vumbi polepole na turnevisi pana iliyofungwa kitambaa, ukizunguka pande zote, usikichane. Pangusa uchafu uliojificha chini yake, utashangaa. Kisha tafuta kipande cha plastiki nyembamba na laini: filme ya zamani ya picha, ao filme ya radio ya hospitali, ao ubavu wa chupa ya maji. Kata kipande kirefu cha upana wa vidole viwili, na kwenye ncha fanya mkato mdogo kama ndoana. Kipake mafuta, kiingize kati ya bomba na spi, ukizungushe taratibu kulizunguka bomba, kisha ukitoe. Ndoana inavuta mchanga. Pangusa, rudia mara tatu ao nne. Usitumie chuma, hata kama ni waya mwembamba wa namna gani.

Mguu wa kuume wa pikipiki yetu ulianza kulowa juma lile, na filme ya zamani ya kifua cha bibi yangu iliufanya ukauke. Tulifinya furshe mara ishirini, tukapangusa, tukangoja usiku: bomba kavu. Hatukutoa hata franka moja.

Mguu wa kushoto ulikataa. Tulifanya mara mbili na mafuta yakaendelea kushuka. Basi, kazi kubwa.

Kununua spi

Usiende sokoni na jina la pikipiki tu. Juu ya uso wa spi yenyewe kuna namba tatu, kwa mfano 31-43-10,5: upana wa bomba, upana wa inje, na unene, kwa milimeta. Zisome kwenye spi ya zamani, uziandike kwenye karatasi. Spi inayokaribiana kwa nusu milimeta haifai. Nunua mbili, ubadilishe miguu yote miwili kama una uwezo. Sisi hatukuwa nao ile siku, sababu feza ilikuwa na kazi nyingine ambayo nitaisema.

Mafuta: namba 10 ya furshe ndiyo pikipiki ndogo nyingi zinaomba, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua. Pale ambapo hayapatikani mafundi wengi wanaweka mafuta ya bwati otomatiki ya gari, na kwa wepesi wake yanakaribia. Mafuta mazito ya motere yanaifanya furshe ngumu kama mti. Na mafuta ya vidanje, yaliyokwisha kutumika, usiyaweke hata kwa deni: yamejaa vumbi la chuma, na vumbi lile ni adui wa mdomo wa spi.

Siku ya kazi

Tulianza asubuhi, chini ya mwembe, juu ya ngunia safi iliyotandikwa. Pikipiki tuliisimamisha juu ya stendi ya katikati, na chini ya motere tukaweka gogo ili mbele ikae hewani. Tafazali hakikisha haiyumbi. Mtoto wetu mdogo anapenda kukaa karibu na baba yake, na pikipiki ikianguka haichagui.

Kuna mambo mawili ya kufanya mbele ya kutoa mguu, na ukiyasahau utalia. Kwanza, legeza kofia ya juu ya bomba wakati bomba lingali limebanwa kwenye usukani. Likitoka, huna kitu cha kulishika lisizunguke. Usiifungue yote, ilegeze tu. Pili, legeza buloni iliyo chini kabisa ya mguu, ile inayoingia kutoka chini, kwa ufunguo wa pembe 6. Buloni ile inashika fimbo ya ndani, na fimbo inabanwa na resori. Resori ikiisha kutoka, fimbo inazunguka pamoja na buloni na huwezi kufungua. Kama imekwisha kukupata, chonga ncha ya mti wa ufagio, uuingize kutoka juu mpaka ushike kichwa cha fimbo, mtu mmoja asukume kwa nguvu, mwingine afungue chini. Sisi ilitupata.

— Papa, sukuma! Sukuma tena!

— Niko nasukuma, weye funga mudomo na ufungue buloni!

Mama yake alicheka mpaka akaketi.

Ukiisha kulegeza hizo mbili, toa gurudumu, toa kalipa ya freni na kuitundika kwa kamba (isining'inie kwa bomba lake la mpira), toa gadibu, legeza buloni za usukani, uvute mguu chini ukiuzungusha. Sasa fungua kofia ya juu, uso wako ukiwa mbali: resori inasukuma, na kofia inaweza kuruka. Toa resori, ukumbuke upande gani ulikuwa juu. Geuza mguu juu ya bakuli, ufinye mara nyingi mpaka mafuta yaishe. Ya kwetu yalitoka meusi, yakinuka kama samaki wa juzi, na yalikuwa kidogo sana. Yaweke kwenye bidoni la zamani. Usiyamwage kwenye mfereji. Sisi wa njia hii tunakunywa maji ya visima na vijito.

Toa buloni ya chini, kifuniko cha vumbi, kisha sirklipsi, ile waya inayozuia spi isipande. Mara nyingi imeshika kutu. Nenda polepole, ukiinua ncha moja na turnevisi nyembamba, ukiweka kiganja juu yake isije kurukia jicho. Kwenye pikipiki ndogo nyingi bomba linatoka lenyewe na spi inabaki ndani ya mguu. Nyingine zina pete za shaba ndani, na hapo unavuta bomba kwa kupigapiga kwenda juu, kama mtu anayeng'oa muhogo, mpaka litoke pamoja na spi.

Kama spi imebaki ndani, usianze kuichokora. Weka maji motoni juu ya mbabula. Funga kitambaa mahali spi inapokaa, umwage maji ya moto juu ya kitambaa kwa dakika chache. Aliminiumu inapanuka na kuiachilia spi. Kisha weka kipande cha mti juu ya kingo, uegemeze turnevisi pale, uinue. Ukiegemeza chuma juu ya aliminiumu yenyewe utaacha kovu, na mafuta yatapita kwenye lile kovu.

Bomba kwanza, spi nyuma

Hapa ndipo tulipoweka muda mwingi, karibu saa mbili, na hapa ndipo fundi wa zamani hakuweka hata dakika.

Liweke bomba juu ya kioo ao meza iliyonyooka, ulibingirishe. Likipiga tok-tok limepinda, na bomba lililopinda litakula spi zote utakazonunua; lipeleke kwa fundi anayejua kunyoosha, ao ulibadilishe. La kwetu halikupinda ijapokuwa limekwisha kuanguka mferejini.

Kisha funga macho na upitishe ukucha juu ya bomba, polepole, mahali panapoingia na kutoka. Kijana alikuta vidonda vitatu vya kutu, viwili vidogo, kimoja kikubwa kama mbegu ya mchele. Chukua msasa mwembamba sana, namba 1000 ao zaidi, uuloweshe mafuta, ulizungushe bomba nao kwa mkono mwepesi. Kazi yako si kuondoa rangi ya kung'aa. Ni kuvunja kingo kali tu. Ukucha ukiacha kukwama, simama. Kile kidonda kikubwa tulikijaza kwa kole ngumu ya mirija miwili inayochanganywa, tukaiacha ikauke usiku mzima, asubuhi tukaisugua mpaka ikawa sawa na chuma. Si dawa ya milele, lakini bomba jipya lina bei yake.

Osha vipande vyote kwa petroli, inje, mchana, mbabula ikiwa mbali na kuzimwa. Najua nyumba moja ambako walisafisha vipande vya pikipiki usiku karibu na lampi ya petroli. Walipona, lakini dari haikupona.

Rudisha fimbo na bomba ndani ya mguu. Buloni ya chini ina rondela ya shaba nyekundu. Ikiwa huna mpya, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uiache ipoe: shaba inakuwa laini tena na inabana. Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi wanaijua shaba kuliko mimi. Mafuta yakitoka chini ya mguu, mara nyingi ni rondela ile, na watu wanabadilisha spi bure.

Sasa spi mpya. Mdomo wa juu wa bomba una kingo kali, basi livishe mfuko mwembamba wa plastiki, uupake mafuta ya furshe ndani na inje ya spi, na uitelezeshe juu ya plastiki. Upande wenye resori ndogo unatazama chini, kwenye mafuta. Upande wenye namba unatazama juu, unausoma. Isukume kwa vidole mpaka ikae juu ya kiti chake. Usishike nyundo na turnevisi! Chukua spi ya zamani, uiweke juu ya ile mpya, kisha uvike bomba kipande cha tiyo nene ya plastiki ya maji, ile inayopita juu ya bomba na kukaa juu ya spi. Piga tiyo kwa nyundo, kidogo kidogo, ukizunguka, mpaka mfereji wa sirklipsi uonekane wote. Sauti inabadilika spi ikifika chini: inaacha kuwa ya mpira, inakuwa ya chuma. Toa spi ya zamani, weka sirklipsi, hakikisha imekaa pande zote, kisha kifuniko cha vumbi.

Mabishano ya biberoni

Mafuta lazima yapimwe, na miguu yote miwili ipate sawasawa. Kitabu cha pikipiki yetu kilisema mililita 160 kila mguu. Nikamuomba mama wa watoto biberoni, sababu ina alama za mililita.

— Biberoni ya mutoto iingie mafuta ya pikipiki? Haiko mu hii nyumba.

Akaenda ndani, akaleta sirengi ya mililita 20 isiyo na sindano. Sirengi 8 zinafanya 160. Tukahesabu kwa sauti, sote watatu, kama kwenye masomo ya msingi. Pikipiki yako ikiwa haina kitabu, muulize fundi anayeijua aina ile, ao utoe mafuta ya mguu ambao haujapata kutoa mafuta, uyapime. Pikipiki ndogo nyingi zinabeba chini ya robo ya litri kila mguu. Usizidishe kwa kufikiri unaisaidia: mafuta yakijaa mno hewa haina nafasi, furshe inakuwa ngumu, na spi mpya inasukumwa inje.

Mguu wa kuume nao tuliumwaga na kuujaza upya, ili isije mmoja ukawa mzito kuliko mwenzake. Mimina, finya bomba polepole mara kumi ili hewa itoke, rudisha resori, funga kofia. Ukiisha kurudisha miguu, gadibu na gurudumu, mbele ya kukaza ekseli yote, shusha pikipiki chini na ufinye furshe mara kadhaa ili miguu ijipange. Kisha kaza.

Kuhusu freni

Sasa nieleze ile kazi nyingine ya feza. Spi ni kipande cha bei ndogo. Kilichokula feza ni plakete za freni.

Plakete zilizolowa mafuta ni za kutupa. Vijana wengi wanaziweka juu ya moto wa mbabula mpaka zitoe moshi, wanazisugua na msasa na kusema zimepona. Uso unakauka, ndiyo. Lakini mafuta yamezama ndani, na freni ikipata joto yanapanda tena, na joto linakuja wakati unashuka mlima na watu wawili nyuma. Moto pia unaweza kuilegeza plakete kutoka chuma chake. Wenye Boxer ao Yamaha AG 100, ambazo zina freni ya ngoma, wasifikiri mambo haya hayawahusu: mafuta yakishuka mwezi mzima yanaweza kuingia mpaka ndani ya ngoma, na hapo hata hayaonekani. AG 100 ina mipira ya kukunjamana juu ya furshe inayozuia udongo, kitu kizuri sana, lakini inua ile mipira mara kwa mara uangalie. Chini yake kutu inaweza kufanya makao.

Disiki tuliiosha kwa petroli mara mbili na kitambaa safi kila mara. Tukaweka plakete mpya. Kijana alijaribu freni kwanza kwenye lupango, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara kumi, kisha barabarani bila abiria. Mimi nilisimama pale mferejini alipoangukia. Alikuja, akafinya, gurudumu likasimama, mbele ikainama na kupanda mara moja, ikatulia.

Hatukusema kitu. Akageuza, akaja tena, akafinya tena.

Siku kumi nyuma, nilimruhusu aende Bafwasende. Aliondoka na spi moja ya akiba mfukoni, imefungwa ndani ya karatasi yenye namba zake, na kipande cha filme ya kifua cha nyanya yake ndani ya sanduku la vifaa. Aliahidi kupangusa bomba kila jioni, hata kama amechoka. Aliporudi, mama yake hakumpa chakula kwanza. Alichukua kitambaa cheupe, akapangusa mguu wa kushoto: vumbi jekundu, kavu. Akapangusa mguu wa kuume, ule tulioutengeneza kwa filme tu. Kitambaa kilibaki na alama nyembamba, ya kungaa kidogo.

Kijana aliiona mbele yangu.

— Papa, huu sasa umeanza. Nakuambia mapema.

Siku ya posho inayokuja tutaweka maji motoni tena. Spi ya pili tunayo, ni ileile aliyoibeba mpaka Bafwasende na kuirudisha.